Mpira Uliokatwa Sokoni

Mwanangu Abdala,

Nakusalimu kana kwamba umekwisha kufika mbali, ingawa nakusikia hapo nje ukicheka na wenzako waliokuja kukuaga. Alasiri imeingia. Nimekaa ukumbini na kalamu ya mwanzi niliyoazima kwa mke wa mwalimu, yule aliyenifundisha herufi za chuoni nikiwa mtu mzima tayari, na wewe umeanza shule. Mwandiko wangu unaujua, unapanda na kushuka kama njia ya Matombo. Vumilia usome.

Sitakuandikia habari za kufua wala za kula wala za kuchagua marafiki. Dar es Salaam yuko shangazi yako, na ulimi wake unatosha kwa hayo yote. Nataka kukujibu lile uliloniuliza juzi, nikajifanya nachochea moto. Uliniuliza, "Mama, nimemkosea nini mjomba?"

Mjomba wako Shomari alishuka kutoka milimani kwa miguu, na umri wake ule, ili akuage. Mkakaa mkala. Akakuuliza kazi unayokwenda kuifanya, nawe ukamweleza vizuri: kwamba utakuwa na makarani wa forodha, mkikagua mizigo kabla haijapakiwa melini, kwamba pembe ndogo za ndovu hazipiti, magogo yasiyo na kibali hayapiti, mpira wenye maganda ya mizizi haupiti. Nilikuwa mlangoni nasikiliza, na moyo wangu ulikuwa umejaa. Kisha ukasema, "Unajua mjomba, watu wa milimani walikuwa hawajui thamani ya msitu. Serikali isingetia mkono, leo pasingebaki hata mbungo mmoja." Mjomba wako akanawa mikono, akasema alhamdulillahi, akatoka. Tangu hapo amelala kwa rafiki yake Kibwana mfuma mikeka, ng'ambo ya mto, na hajarudi hapa.

Basi sikiliza jambo ambalo shuleni hawakukuambia, kwa kuwa nao hawakuambiwa. Hatukuwa hatujui.

Mimi na Shomari tulilelewa na mama yetu katika kitongoji cha juu ya Matombo, pale msitu unapokutana na mashamba ya migomba. Mibungo ilikuwa mingi. Wewe unalijua tunda lake tu, lile la chungu na tamu tunalokamua juisi. Lakini mti wenyewe ni mtambaazi, unapanda juu ya miti mingine mpaka uone jua, na ukiuchanja unatoa utomvu mweupe unaoganda ukawa mpira. Mama alitufundisha kuchanja tukiwa wadogo. Chanja hapa, ruka, chanja pale, kisha uuache mpaka kidonda kifunge. Ukirudi kabla hakijafunga, alikuwa akitupiga kofi la mkono. Tulikuwa tukipata donge dogo, tukilishusha mjini, tukinunua chumvi na kaniki, na msitu ulikuwa haujui hata kama tulipita.

Kisha mambo mawili yakaja kwa pamoja. Ikaja kodi ya nyumba, ambayo ilitaka rupia na haikutaka ndizi. Na ikapanda bei ya mpira. Sijui huko Ulaya walikuwa wakiufanyia nini. Wengine walisema magurudumu, wengine walisema viatu vya mvua. Sisi tulichokijua ni kwamba pale karibu na soko palikuwa na mnunuzi mwenye mizani na duka la nguo, na kila mwezi alikuwa akituma watu wake milimani kutuhimiza. "Leteni," walikuwa wakisema. "Wa matawi, wa mizizi, wowote. Bwana anachukua."

Mpira wa mizizi ndio huu: unachimba mbungo mzima, unamenya maganda ya mizizi, unayatwanga kinuni, unayachemsha, unapata donge kubwa kwa siku chache. Na mbungo umekufa. Aliyeanza kuchimba kwetu simjui. Ninachokumbuka ni kwamba tulikuta shimo bondeni, mahali ambapo mama alikuwa akichanja tangu ujana wake, na Shomari akasimama juu ya lile shimo akasema, "Dada, tusipochimba sisi, kesho tutakuta mashimo matupu."

Tukachimba. Kijiji kizima kilichimba. Kila mmoja alijua anachokifanya, na kila mmoja alikuwa akimtazama jirani yake. Mwaka wa kwanza tulichimba karibu na nyumba. Baadaye Shomari alikuwa akilala msituni, na akirudi alikuwa na donge dogo kuliko nililokuwa nikilipata mimi zamani kwa kuchanja bila jasho. Mama alikuwa akiuangalia ule mpira hasemi kitu. Sisi watoto wake ndio tulikuwa tukimlipia kodi, angesema nini?

Ndipo ikaja sheria. Ilitangazwa sokoni kwa ngoma, siku ambayo watu wa juu kwetu hawakuwapo. Kwamba mpira wa mizizi ni marufuku. Kwamba kila donge litapasuliwa kabla halijanunuliwa, litazamwe ndani. Na kwamba atakayekutwa na maganda atanyang'anywa, naye atapelekwa bomani. Akida akaweka kijana mmoja sokoni, akampa kofia na kisu.

Shomari alishuka na mzigo wake nami nikifuata nyuma na ndizi. Yule kijana akamwambia, "Weka chini, ndugu." Akapasua donge la kwanza. Ndani palikuwa na maganda mekundu na udongo. Akapasua la pili, vilevile. Watu wakaanza kujikusanya.

"Huu ni wa mizizi," kijana akasema.

"Ndiyo, wa mizizi," Shomari akajibu, maana hakuona la kuficha. "Mnunuzi mwenyewe ameutaka. Yule pale, muulize."

Mnunuzi alikuwa amesimama mlangoni pa duka lake anajipepea. Akamtazama Shomari kama mtu anayetazama mvua ya upande wa pili wa mto. Akaingia ndani.

Wakamchukua ndugu yangu mpaka boma. Akapigwa viboko hamsa ishirini, yaani ishirini na vitano. Nilimsikia akipigwa, Abdala, kwa kuwa nilikuwa nje ya ukuta na sikuwa na pa kwenda. Tulimpandisha mlimani kwa kumshikilia huku na huku, na njia nzima hakulia, alikuwa akiuliza tu, "Nani aliyetuambia? Zaina, nani aliyetuambia?"

Siku iliyofuata soko, mchana, tukasikia hodi. Mama akasema karibu kabla hajaona ni nani. Alikuwa yule kijana, ameshika kofia mkononi na chupa ya mafuta ya nyonyo.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mama hakuitikia. Mimi nilisimama mlangoni nikamwambia, "Umekuja kuangalia kama amekufa?"

"Nimekuja kumwona."

"Mwache aingie," Shomari akasema kutoka ndani. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya mkeka. "Aingie aione kazi yake."

Kijana akaingia, akakaa chini, akaitazama. Kisha akasema, "Niliambiwa nikate. Sikuambiwa mtu atapigwa. Lakini ningeuliza ningeambiwa. Sikuuliza."

"Na mnunuzi je?" Shomari akamwuliza. "Umemwona akiulizwa?"

"Hapana."

"Basi nenda kamuulize. Ukishamuuliza, urudi na mafuta yako."

Kijana yule ni baba yako.

Najua umeacha kusoma kidogo hapo. Pumua, kisha uendelee. Ulikuwa ukisikia tu kwamba marehemu baba yako Mfaume aliwahi kuvaa kofia ya serikali, na ulikuwa ukijivunia. Kwa nini aliivua hukuuliza, nami niliona hakuna haja ya kulisema maadamu ulikuwa ukikua hapa hapa. Sasa unakwenda kuvaa ya kwako.

Alikwenda kweli, si kwa mnunuzi bali kwa akida. Akamwambia kwamba kama maganda ni kosa, basi donge likamatwe mlangoni pa mnunuzi, na mnunuzi naye aulizwe. Akida akacheka. "Mfaume," akamwambia, "unalipwa kwa kisu. Mdomo wako haulipwi." Hapo wengi wangenyamaza, na baba yako naye alinyamaza, lakini alifanya jambo jingine. Kila siku ya kuamkia soko alianza kupanda milimani, kwa miguu yake, kitongoji hadi kitongoji. Alikuwa akiwaambia watu walete madonge yao uani. Alikuwa akiyapasua pale pale, mbele ya mwenyewe, anasema, "Hili shusha. Hili usilishushe, litakuponza." Na aliyekuwa na maganda alikuwa akikaa naye, anamwuliza mibungo ipi imebaki, iko wapi, na kama anaweza kungoja kidogo arudi kuichanja. Wazee wakaanza kumjibu. Mama yangu akaja kuitikia shikamoo yake. Mimi nilichelewa kuliko wote.

Hapo ndipo palipo kosa langu la kwanza. Niliona kofia na sikuona kichwa kilichokuwa ndani yake. Nilikuwa nikiondoka uani kila alipoingia. Shomari, ambaye ndiye aliyepigwa, alimwelewa kabla yangu. Baba yako alipokuja kunichumbia, alijua kwetu neno ni la kaka, kwa kuwa lukolo, yaani ukoo, twaufuata upande wa mama. Shomari alimwambia, "Mwanamume aliyerudi kutazama alichokifanya anaweza kukaa na dada yangu. Lakini kunipenda asinidai." Wakakubaliana hivyo, na nadhani ni maneno yaliyodumu kuliko mahari.

Kosa langu la pili lilikuja nilipokwisha olewa na kushuka mjini. Nilionja kuitwa mke wa mtu wa serikali. Nilivaa bafta, nguo nyeupe ya dukani. Kisimani wanawake walikuwa wakinipisha. Nikaanza kuwatazama watu wa milimani wanaoshuka na mizigo yao kama vile mimi sikuzaliwa huko, nikisema ni wabishi, hawasikii, waache wapigwe ndio watajifunza. Mimi, mwanangu, niliyeyatwanga maganda kwa mikono hii. Nikawa namwambia baba yako aache kupanda mlimani, maana maneno yameanza.

Akaniambia, "Zaina, mpira ukifika sokoni, mzizi umeshang'olewa. Nikimkamata mtu pale, nimeokoa nini?"

Nikamjibu, "Umeokoa kazi yako."

Alivaa viatu vyake akapanda.

Na maneno yalikuwa ya kweli. Mnunuzi alikwenda kulalamika kwamba mizigo haishuki tena kama zamani, na kwamba yule kijana wa kisu anaiharibu biashara. Sheria ilikuwa imewekwa ili mibungo isiishe, na mibungo ilipoanza kupumzika, aliyeipumzisha akaitwa mharibifu. Kofia ikachukuliwa. Siku ile nilimpikia chakula nikakiweka chini bila kusema neno, na nilikaa hivyo mpaka Shomari alipokuja na jembe begani. Akasema, "Shemeji, shamba lipo." Hatukukaa tena mjini mpaka kifua kilipomchukua baba yako, na wewe ukapata nafasi ya shule, tukashuka hapa mimi na wewe.

Sasa nifike kwenye lile la juzi.

Usidhani kiboko ndicho kilichomfanya mjomba wako aache kuchimba. Baada ya kiboko alichimba bado, kwa siri, kwa hasira. Alichojifunza bomani ni kuficha tu. Aliacha mwaka ambao mama yetu aliugua, akatamani juisi ya mabungo, na Shomari akazunguka msituni kutwa nzima akarudi mikono mitupu. Mama akamwambia, "Haidhuru, baba, nipe maji tu." Shomari alitoka nje akakaa nyuma ya nyumba, na mimi nilipomfuata alikuwa akilia kama ambavyo hakulia siku ile ya kupigwa.

Mama alipofariki, Shomari akawa mkubwa wa ukoo wetu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwaita watu wote wanaolima kwenye ardhi yetu. Akawaambia bonde lile la chemchemi halichimbwi tena, halikatwi, halichomwi, mpaka yeye aseme. Watu walimnung'unikia. Wengine walimkumbusha mashimo yake mwenyewe. Akasema, "Ndiyo, ni yangu. Ndiyo maana najua yanavyofanana." Yeye na baba yako walikuwa wakienda kupanda mbegu za mbungo kando ya miti mikubwa. Wewe ulikuwa ukibebwa, hukumbuki. Mibungo haina haraka, lakini iliota, na baada ya muda ilipanda.

Wakati huo huo, upande wa chini, msitu mzima ulichomwa na mzungu mmoja aliyetaka kupanda mpira wa shambani, ule unaopandwa kwa mistari. Alikuwa na kibali. Moshi wake ulitufikia mpaka juu, na hakuna kisu kilichopita kuupasua.

Kisha wakaja wapima. Walipanda na vigingi na kamba, na askari. Walipofika bonde la Shomari waliliona jinsi lilivyo, limeshiba miti, mibungo imening'inia. Wakafurahi. Wakapiga vigingi kulizunguka wakasema ni msitu wa serikali, haingii mtu. Shomari akamwuliza askari, "Msitu unalindwa asiingie nani?"

"Nyie," askari akasema.

Siku chache baadaye alikwenda kuangalia miche yake kama alivyozoea, akafukuzwa. Akaomba walau aambiwe kama kuna anayeiangalia. Akaambiwa hilo halimhusu. Tangu siku ile hajavuka kigingi. Analima kando yake, na macho yake yanaishia hapo.

Basi wewe ulipomwambia kwamba serikali isingetia mkono pasingebaki mbungo, ulikuwa ukimwambia hivyo mtu aliyeipanda.

Sikuambii sheria ni mbaya. Ningekuwa mwongo. Vigingi vimekaa, na maji bado yanashuka kutoka kule, nayanywa hapa mjini kila siku. Wapo watu ambao wangelimaliza bonde lile, na huenda nami ningekuwa mmoja wao. Wala sikuambii uikatae kazi. Nilikuwa na hasira na kila aliyeishika sheria, kisha nikawa na dharau kwa kila aliyeivunja, na mara zote mbili nilikosa kumwona mtu aliyesimama mbele yangu. Hilo tu ndilo nimelipata kwa miaka yangu, na ni dogo, lakini lilinigharimu.

Huko forodhani utakuwa mbali sana na mlima. Utaona pembe na gogo na donge. Hutaona shimo lilipotoka. Utamwona mchukuzi anayetetemeka. Aliyemtuma atakuwa mahali anajipepea. Baba yako hakuweza kumgusa mtu yule, na huenda nawe hutaweza. Lakini aliulizia jina lake kwa sauti mbele ya akida, na watu wa milimani wanalikumbuka hilo mpaka leo, wakati akida mwenyewe wamekwisha msahau.

Leo asubuhi, wakati wewe umekwenda stesheni kuulizia gari la moshi, nilivuka mto nikaenda kwa Kibwana. Nilimkuta Shomari amekaa kivulini anamsaidia kuchambua ukindu. Nilimwambia, "Kaka, ni mtoto. Msamehe."

Akasema, "Sina hasira naye. Kupenda msitu si kosa. Ila amenisimulia msitu wangu kana kwamba mimi sikuwapo."

Nikamwuliza kama atakuja kesho kukuaga. Akaendelea na ukindu wake, kisha akasema, "Mimi nimekwisha kushuka mlima mzima. Huo mto uliobaki ni wake, na si mpana."

Kwa hiyo, mwanangu, ukimaliza kusoma hapa, usije kwangu kuniuliza zaidi. Jua bado lipo. Vuka uende. Usimpelekee maelezo, na usimwambie mama ameniandikia. Mpe shikamoo yake, ukae chini, umwombe akueleze lile bonde lilikuwaje kabla ya vigingi. Atakawia kuanza. Wewe ngoja. Akianza, msikilize mpaka amalize, hata giza likiingia, hata wenzako wakikuita.

Mimi nitakuwa hapa, nakufungia mzigo.

Mama yako,
Zaina